Bao Ambalo Halikufungwa

Ingia kibanda chochote cha mpira pale Makutano, Meru, umtaje Dennis Oliech. Watakujibu watu watano kwa mpigo. Kisha mtaje Musa Otieno. Labda mzee mmoja kule nyuma atatikisa kichwa na kusema, "Yule alikuwa beki."

Na si kwamba Musa alipita tu. Alikuwa nahodha wa Harambee Stars kwa miaka mingi. Alicheza zaidi ya miaka 10 Santos ya Cape Town, wakabeba ligi ya Afrika Kusini msimu wa 2001/02. Mwaka 2004 aliongoza kikosi kwenda Tunisia. Mali walitufunga 3-1, Senegal 3-0, kisha tukawalaza Burkina Faso 3-0, ushindi wetu wa kwanza kabisa katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Wanaoikumbuka siku hiyo watakutajia Ake, Oliech na Baraza. Hao ndio waliofunga. Ile sufuri je, ilikuwa ya nani?

Kazi ya beki ikifanyika sawasawa, hakuna kinachotokea. Akiteleza mara moja, hiyo ndiyo inaandikwa. Muangalie Rafael Márquez, nahodha wa Mexico katika Kombe la Dunia mara tano, kuanzia 2002 hadi 2018. Mwaka 2014, dakika za nyongeza dhidi ya Uholanzi, mguu wake ulimgusa Robben (au haukumgusa, Wamexico hawajamaliza kubishana), refa akatoa penalti, Mexico ikafunga virago. Miaka yote hiyo, na bado watu wanajadili mguu mmoja.

Kuna mtu atasema: sawa, lakini tukianza kuwasifu watu kwa yasiyotokea, kila mtu atadai sifa. Soja aliyekoroma usiku kucha atasema wezi walimwogopa. Mheshimiwa atatuambia bila yeye hali ingekuwa mbaya zaidi, na huo wimbo si tumeusikia? Pingamizi hili ni zito. Sufuri moja haithibitishi kitu. Huenda straika wa siku hiyo alikuwa mbovu tu.

Mimi naona jibu liko kwenye muda. Bahati haidumu misimu kumi. Makocha wanabadilika, washambuliaji wanabadilika, magoti yanachoka, na jina la yule jamaa bado liko kwenye kikosi. Lakini hapo pia kuna mtego, maana mheshimiwa naye amekaa miaka mingi. Tofauti ni kwamba beki anapimwa upya kila wikendi, mchana kweupe, na mtu aliyelipwa kumwaibisha. Toa kipimo hicho, na miaka mingi inabaki kuwa miaka mingi tu.

Sasa tutoke uwanjani. Ukisafiri kutoka Embu kwenda Meru, ukishapita Chuka, barabara inateremka hadi daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Ajali hiyo kila mtu anaijua. Ila wapo madereva ambao wamevuka Nithi miaka nenda miaka rudi, mvua na ukungu, na abiria wao wameshuka Meru wakinung'unika kwamba gari ilijikokota. Redio itamtangaza dereva kama huyo kwa habari gani? Kwamba watu walifika?

Basi tungeishia kwenye sifa, ingekuwa afadhali. Kuna pesa pia. Mwenye matatu anadai hesabu yake jioni. Dereva anayeshika breki mapema pale mteremkoni anapoteza dakika kila safari, na dakika zikijumlishwa anakosa tripu nzima. Tajiri haoni abiria waliofika salama, anaona noti zimepungua. Wiki ijayo usukani unapewa kijana anayejua kukanyaga mafuta. Na sisi, pale steji ya Embu, begi mkononi, swali letu la kwanza kwa makanga ni gari gani inafika haraka.