Mtoto Akimbeba Baba, Nani Ambebe Mtoto?



Katika toleo hili tunapenda tutafakari pamoja swali ambalo kwa haraka linaonekana jepesi: Je, ni vema kumsifu mtoto anayebeba mzigo wa mzazi wake? Wengi watajibu kwamba ni vema, kwa maana tumeamriwa kuwaheshimu baba na mama (Kutoka 20:12). Lakini kabla ya kujibu, tuitazame safari moja iliyofanyika India.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali ya India iliamuru watu wote wakae majumbani. Amri ilitangazwa jioni ya tarehe 24 Machi, ikaanza usiku huohuo. Kazi zilisimama, mabasi na treni za abiria zikasimama pia. Vibarua wengi sana waliokuwa mijini, mbali na vijiji vyao, walikosa chakula na kodi ya nyumba. Wengi wakaanza kurudi kwao kwa miguu.

Katika mji wa Gurugram, karibu na Delhi, alikuwepo baba mmoja, dereva wa bajaji ya umeme. Mapema mwaka huo alikuwa ameumia katika ajali, hawezi kutembea mbali. Binti yake, Jyoti Kumari, mwenye umri wa miaka 15, alikuwa naye akimuuguza. Shule alikuwa ameiacha kwa sababu ya umaskini. Mwenye nyumba alitaka kodi, au watoke. Mwezi Mei treni maalumu za wafanyakazi zilikuwa zimeanza, lakini si kila mtu aliyepata nafasi.

Basi kwa fedha kidogo iliyobaki walinunua baiskeli kuukuu. Baba hakukubali upesi, kwa maana alijua uzito wake na urefu wa njia. Mwishowe alipanda kwenye keria akiwa na mfuko wao, na binti akakanyaga pedeli kuelekea kwao Darbhanga, katika jimbo la Bihar. Ni karibu kilomita 1,200, umbali ambao hata kwa basi mtu hushuka amechoka. Kipande kifupi walipewa lifti na lori. Wako waliowacheka njiani, na wako wageni waliowapa chakula na maji. Baada ya wiki moja hivi walifika nyumbani.

Habari zilienea duniani. Ivanka Trump, binti wa Rais wa Marekani, aliisifu safari ile kuwa tendo zuri la uvumilivu na upendo. Chama cha mchezo wa baiskeli cha India kilimwita Jyoti aende kujaribiwa. Lakini Omar Abdullah, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa jimbo la Jammu na Kashmir, alipinga sifa hizo. Alisema umaskini na kukata tamaa kwa binti huyu vinatukuzwa, kana kwamba aliendesha baiskeli kwa kujifurahisha.

Wapendwa, ni nani aliyesema kweli? Sisi tunaona mambo matatu.

Kwanza, upendo wa Jyoti ni wa kweli na unastahili heshima. Anayesema, "Huyo ni wa kuhurumiwa tu," anamnyang'anya tendo lake. Hakuwa mzigo uliosukumwa na shida. Aliona, akaamua, akamshawishi baba yake, akatenda.

Pili, baba naye alitenda jambo gumu. Kwa mwanaume aliyezoea kulisha nyumba yake, kukaa nyuma ya binti yake huku watu wakicheka si jambo dogo. Wazazi wengi miongoni mwetu wanaijua hali hiyo: mtoto ndiye anayejua lugha ya hapa, mtoto ndiye anayetumwa ofisini kuulizia karatasi. Mzazi anayekubali kubebwa hajapoteza ubaba wake wala umama wake.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, sifa inaweza kuwa njia ya kukwepa deni. Ni rahisi kumpigia makofi anayepanda mlima kuliko kumshika mkono. Kupiga makofi hakugharimu kitu. Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba haiwapasi watoto kuwawekea wazazi akiba, bali wazazi kuwawekea watoto (2 Wakorintho 12:14). Maneno haya hayaivunji amri ya heshima. Yanatukumbusha tu kwamba mzigo una mpangilio wake, na mpangilio ukigeuka, wenye nguvu wanapaswa kuuliza kwa nini.

Tumkumbuke Yakobo. Alipokuwa mzee, njaa ilimlazimu kuhama nchi yake. Wanawe walimchukua, lakini hawakumbeba mgongoni. Farao alituma magari kutoka Misri kwa ajili ya baba huyo, wake zao na wadogo wao (Mwanzo 45:19, 46:5). Upendo wa watoto ulikuwepo, na aliyekuwa na magari aliyatoa. Katika barabara ile ya Bihar upendo ulikuwepo. Gari ndilo lililokosekana.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: tumsifu mtoto, lakini sifa yetu iwe na mikono. Makambini kuna watoto wanaouguza mama, wanaopanga foleni ya chakula kwa niaba ya bibi, wanaochota maji alfajiri na kufika shuleni wamechelewa, au wasifike kabisa. Kumsimamisha mtoto wa namna hiyo mbele ya kanisa ni vema. Vema zaidi ni jirani kumpokea ndoo, mama mmoja kukaa na mgonjwa siku ya mtihani, na kijana mwenye baiskeli kumpeleka mzee zahanati.

Baba yake Jyoti alifariki mwaka 2021, yapata mwaka mmoja baada ya safari ile. Muda wa kuwaheshimu wazazi ni mfupi. Na utoto wa mtoto nao ni mfupi vilevile.

Wiki hii kila nyumba ijiulize: katika mtaa wetu, ni mtoto gani anayebeba peke yake? Tukimjua, twende kwake.

Mungu awabariki.