Nguvu za Chakula ni za Nani?

Ukila pilipili kisha ukapanda mlima wenye theluji bila sweta na usitetemeke, nguvu hizo ni zako ama ni za pilipili? Swali linasikika la kitoto hadi uulize la pili: na aliyekupikia je, ana haki gani juu ya nguvu hizo?

Tuanze na gemu ambayo pengine umeicheza, ama umekaa kando ukimtazama mtu akiicheza. The Legend of Zelda: Breath of the Wild ilitoka Machi 2017, na mwendelezo wake, Tears of the Kingdom, ukafuata Mei 2023. Ufalme wa Hyrule umeanguka. Zimwi liitwalo Ganon limeuangamiza, na Link, mlinzi wa binti mfalme Zelda, anaamka baada ya usingizi wa miaka 100 na kukuta magofu yaliyomea nyasi. Hana jeshi. Hana kumbukumbu. Kinachomweka hai ni moto, sufuria na chochote atakachookota njiani.

Hapo ndipo uchawi unapoanza. Unaweka vitu visivyozidi vitano kwenye sufuria, unasubiri sekunde chache, na chakula ki tayari. Pilipili inakukinga na baridi. Ndizi zinakuongezea nguvu za mapigano. Doriani moja tu ikipikwa inakurudishia uhai wote na kukupa wa ziada. Ukichemsha vyura au vipepeo pamoja na pembe na meno ya mazimwi, unapata dawa. Lakini jiko lina sheria zake. Ukichanganya pilipili ya baridi na ndizi za vita, nguvu zote mbili zinafutana na unabaki na chakula cha kawaida. Ukitupia jiwe, utapata chakula kigumu kama jiwe, na Link atakitafuna hivyo hivyo.

Kuna kitu kimoja hakimo katika dunia hii: njaa. Ufalme mzima umeteketea, ila Link halazimiki kula. Unaweza kuimaliza gemu bila kuonja hata punje moja. Anakula akitaka kitu: apande zaidi, apige zaidi, asife. Adui akikuinulia upanga, unasimamisha mchezo, unafungua mfuko, unakula sahani kumi mfululizo, jamaa amesimama pale kama sanamu, kisha vita vinaendelea. Hicho si chakula tena. Ni chaja.

Tusicheke sana lakini. Sisi pia tunapenda chakula cha kuchaji: kinywaji cha kopo usiku wa kuamkia mtihani, poda ya kujenga misuli, supu ya mifupa asubuhi baada ya usiku mrefu. Na kila mwanariadha wetu akishinda, lazima mtu aulize anakula nini. Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 jijini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ugali, tukaambizana kwa fahari. Sawa, lakini unga huo huo uko kwa duka la mtaa wenu, na wewe bado unahema ukipanda ngazi. Kule kambini Kaptagat wanariadha hugawana kazi za nyumba, na Kipchoge mwenyewe husafisha vyoo zamu yake ikifika. Siku ile ya Vienna, wakimbiaji 41 walipokezana kumwekea kasi. Nguvu zile zilikuwa na wenyewe wengi.

Kama ni hivyo, basi kila sahani ni deni. Na hapo ndipo mambo yanakuwa magumu, kwa sababu deni la chakula tunalijua vizuri sana.

Kuna nyumba ambamo kila ulichokula kimeandikwa kwenye daftari lisiloonekana. Siku utakayosema hapana, uchague kozi nyingine, ukatae mchumba, uhame, daftari linafunguliwa: kwani nani alikulisha wewe? Kiswahili kina neno lake, masimango, na ukishawahi kusimangwa unajua kwamba chakula kinaweza kugeuka kamba shingoni miaka 20 baada ya kumezwa. Msimu wa kampeni kamba hiyo huja kwa pakiti za kilo mbili. Anayekugawia unga siku hizo hajali kama utashiba. Anataka ukumbuke.

Ndiyo maana sufuria ya Link inavutia. Inakupa nguvu na haikudai kitu. Hakuna shangazi nyuma yake. Kwa mtu aliyekulia kwenye masimango, kula peke yako kando ya moto, bila wa kumshukuru, ni ndoto ya uhuru, na mimi simlaumu yeyote anayeiota. Wahenga wenyewe walitahadharisha kwamba mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Na hata huyo mzaliwa nawe, siku hizi mtu humpima kwanza.

Gemu yenyewe inajua kwamba sufuria hiyo ni ndoto. Mwanzoni kabisa Link anamkuta mzee ameketi kando ya moto, na pale motoni pana tufaha la kuchoma. Ukilichukua, mzee anakukaripia kwamba ni lake, huwezi kujichukulia tu vitu vya watu. Kisha anacheka na kukuachia. Baadaye unagundua kuwa yule mzee ni mzimu wa mfalme wa Hyrule, na ana ombi zito: umwokoe binti yake. Je, tufaha lile lilikuwa zawadi ama chambo? Mimi naona ni zawadi, kwa sababu moja: akifika wakati wa kuomba, mzee halitaji tufaha.

Halafu kuna Koko. Katika kijiji cha Kakariko, msichana huyu mdogo anasimama mbele ya sufuria akimpikia mdogo wake, Cottla. Mama yao aliuawa. Baba yao, Dorian, ni mlinzi. Koko amejitwika jiko, na kila mara kuna kitu kimepungua: leo siagi ya mbuzi, kesho nyama, kesho kutwa asali. Link anamletea, na Koko anamgawia alichopika. Cottla hahitaji kupigana na zimwi lolote. Kazi yake ni kukimbia huku na huku kijijini akitafuta wa kucheza naye. Katika ufalme ulioanguka, mtoto anayecheza ni muujiza kuliko kupanda mlima wa theluji bila sweta, na muujiza huo unalipiwa na mtoto mwingine ambaye hachezi.

Hilo ndilo sufuria ya sekunde chache inalolificha. Nje ya skrini, chakula ni masaa ya mtu, na mara nyingi ni mtu yule yule, kifungua mimba wa kike. Wengi wetu tulisoma, tukahitimu, tukahamia mjini kwa nguvu za Koko fulani ambaye hakuwahi kutusimanga.

Kwa hivyo ukitaka kujua kama chakula ni kamba, usiangalie kilichomo ndani. Muulize aliyekupa anataka ushibe ukafanye nini. Mwanasiasa anataka nguvu zako zirudi kwake siku ya kura. Koko anataka Cottla aende akacheze. Nguvu za namna hiyo ni zako kweli, umepewa kabisa, nenda nazo.

Ila kupewa kabisa kuna uzito wake. Anayekusimanga anakufanyia kazi ya kukumbuka. Asiyekusimanga amekuachia kazi hiyo wewe mwenyewe, na ni rahisi sana kuiacha ikalala. Wala Koko hahitaji hotuba ya shukrani kwenye status yako Siku ya Akina Mama. Link, shujaa wa ufalme mzima, anapofika pale jikoni anauliza kinachokosekana, kisha anakwenda kutafuta siagi. Tunaweza kuanzia hapo. Jioni moja shika mwiko wewe, Koko naye atoke nje akacheze.