Ukoo wa Barmaki na Deni la Fadhila

Katika hadithi za Alfu Lela Ulela mna mji usiopatikana katika ramani yo yote, ingawa jina lake ni Baghdad. Katika mji huo usiku ni mrefu kuliko mchana. Khalifa Harun Rashid hutoka jumbani mwake amevaa nguo za mfanya biashara. Ubavuni pake yuko waziri wake Jaafar, na nyuma yao Masrur mwenye upanga. Waliozisikia hadithi hizo utotoni, na waliozisoma baadaye katika tafsiri ya Kiswahili, huwajua watu hawa watatu kama wamjuavyo sungura na fisi. Aghalabu husahauliwa kwamba wote watatu walikuwa watu wa kweli, na kwamba usiku mmoja wa mwezi wa Januari, mwaka 803, wa kwanza alimtuma wa tatu akamletee kichwa cha wa pili.

Habari hiyo imewashughulisha wanahistoria kwa zaidi ya miaka elfu, na aghalabu wameiuliza kwa neno moja: kwa nini? Lakini liko swali jingine lililojificha nyuma ya hilo, nalo si la historia bali ni la maadili. Je, mtu aweza kuangamizwa na wema wake mwenyewe? Na akiangamizwa hivyo, asemwe kuwa alikosa nini?

Barmak halikuwa jina la mtu. Lilikuwa cheo cha mlinzi wa Nawbahar, hekalu kubwa la dini ya Buddha karibu na mji wa Balkh, katika nchi ambayo leo ni kaskazini ya Afghanistan. Wazee wa ukoo huo walizoea kutunza mali isiyokuwa yao na kuwapokea wageni wasiowajua. Na yamkini hapana mafunzo bora kuliko hayo kwa watu ambao siku moja wangeendesha dola. Uislamu ulipokwisha enea huko, Khalid mwana wa Barmak aliingia katika harakati za Bani Abbas, ambao mwaka 750 waliwaondoa Bani Umayya katika ukhalifa. Khalid akapewa madaftari ya kodi. Silaha ya ukoo huu tangu mwanzo ilikuwa kalamu, wala haukuwa na jeshi lake wenyewe wa kuutegemea siku ya shida. Jambo hili lafaa kukumbukwa.

Juu ya Khalid kuna kisa kimoja ambacho chastahili kusimuliwa kwa urefu. Khalifa Mansur, alipokuwa akijenga Baghdad kuanzia mwaka 762, alitaka kulibomoa jumba la Kisra, mfalme wa Waajemi wa zamani, apate matofali yake. Akamtaka Khalid shauri. Khalid akamwambia aliache, kwa sababu lilikuwa ushahidi wa ushindi wa Uislamu: kila aliyelitazama angejua kwamba wenye jumba kama lile hawakushindwa na nguvu za kidunia tu. Mansur akamdhania kuwa moyo wake ungali kwa Waajemi wenzake, akaamuru kazi ianze. Hesabu ilipofanywa ikaonekana kwamba kubomoa kunagharimu zaidi ya matofali yenyewe. Khalifa akataka kuacha. Hapo Khalid akashauri kinyume cha shauri lake la kwanza: maadam umekwisha anza, maliza, watu wasije wakasema kwamba ulishindwa kubomoa kile ambacho wengine waliweza kujenga. Mansur hakumsikiliza hata mara ya pili, na tao kuu la jumba lile lingali limesimama mpaka leo kusini ya Baghdad. Katika kisa hiki mna tabia yote ya ukoo. Mtumishi ana akili kuliko bwana wake, na bwana analijua hilo, na analipa kwa shaka.

Mwana wa Khalid, jina lake Yahya, ndiye aliyeufikisha ukoo kileleni. Alipewa Harun amlee, na mke wa Yahya akamnyonyesha Harun, na mamake Harun, Khaizuran, akamnyonyesha Fadhl mwana wa Yahya. Hata watoto hao wawili wakawa ndugu wa kunyonya. Mwaka 785 kaka yake Harun, al-Hadi, alipata ukhalifa, akataka kumnyima Harun haki ya kumfuata ili ampe mwanawe mwenyewe. Harun alikuwa kijana, naye alikuwa karibu kukubali apate kuishi kwa starehe. Yahya ndiye aliyemkataza, na kwa ajili hiyo akatiwa kifungoni. Mwaka uliofuata al-Hadi akafa ghafula, na Harun akaamka kuwa khalifa. Akamwita Yahya baba, akampa muhuri wake, akamkabidhi mambo ya raia wote.

Hapa ndipo deni lilipozaliwa. Mtu akikopeshwa fedha, iko siku atailipa na wawili hao watatazamana tena kwa usawa. Lakini aliyepewa ufalme atalipa nini? Harun alilipa kwa vyeo, na kila cheo alichompa Yahya na wanawe kiliwawezesha kumtumikia zaidi, na kila utumishi ukaliongeza deni. Kwa miaka 17 mambo yalikwenda hivyo. Methali ya mfadhili mbuzi hujitokeza upesi mno mahali kama hapa, nayo haitoshi, kwa kuwa yamlaumu mpokeaji peke yake, kana kwamba mtoaji hana la kujichunga.

Na Wabarmaki walitoa. Fadhl alipokuwa liwali wa Khurasan alijenga misikiti na nyumba za wasafiri. Yahya aliagiza kitabu cha Ptolemy cha elimu ya nyota kitafsiriwe kwa Kiarabu, akawaita matabibu kutoka Bara Hindi, akaketi na wanachuoni wa madhehebu mbalimbali wakabishana mbele yake bila hofu. Ibn Khaldun amesema kwamba Fadhl ndiye aliyeshauri karatasi itengenezwe kwa kazi za serikali. Washairi hawakuwa na haja ya kupita mlango mwingine. Hata katika Kiarabu jina lao likawa kipimo cha ukarimu.

Ibn Khaldun huyo huyo, alipoandika Mukadima yake mwaka 1377, alikikataa kisa kinachopendwa na wasimulizi, kwamba Jaafar aliozwa Abbasa, dada yake Harun, kwa ndoa ya jina tu, kisha wakazaa mtoto kwa siri. Kwake sababu ilikuwa wazi: ukoo ulikuwa umeshika hazina, hata Harun aliweza kutaka fedha kidogo asiipate. Basi ukarimu wa Wabarmaki ulitoka katika mfuko gani? Walitoa mali ya dola, na shukrani zikaja kwa jina lao. Aliyepewa dinari elfu na Jaafar hakwenda kumwombea dua Harun. Hapa ndipo penye kosa lao, ikiwa kosa lipo. Mtunza hekalu wa Balkh alijua kwamba sadaka si yake. Mjukuu wake alikwisha sahau. Wala si lazima mtu awe mwizi ili asahau jambo hilo. Yatosha azoee kushukuriwa.

Lakini kuna tukio jingine ambalo halikubali hukumu nyepesi namna hii. Mwaka 792 Yahya mwana wa Abdallah, mzao wa Ali, aliasi katika milima ya Dailam. Fadhl alimshawishi ajisalimishe bila damu kumwagika, kwa hati ya amani ambayo khalifa mwenyewe aliiridhia. Baadaye Harun akatafuta njia ya kuitangua hati ile, na mtu yule akafungwa. Tabari, aliyekufa mwaka 923, ameihifadhi riwaya isemayo kwamba mfungwa alikabidhiwa kwa Jaafar, akamsihi kwa jina la Mungu, na Jaafar akamwacha aende zake, tena akampa mtu wa kumsindikiza. Harun alipouliza, Jaafar alijibu kwanza kwamba mfungwa yupo. Khalifa akamtaka aape kwa uhai wake. Jaafar akatambua kwamba siri imekwisha toka, akaungama. Harun akamsifu, akasema kwamba amefanya kama alivyotaka yeye mwenyewe. Na mgongo wa Jaafar ulipopotea mlangoni akaapa kumwua.

Msomaji na alipime tendo hili pande zote. Jaafar alimdanganya bwana wake, ijapokuwa kwa dakika moja. Alitoa uhuru ambao haukuwa wake kuutoa, kama vile ukoo wake ulivyozoea kutoa fedha. Lakini ahadi iliyokuwa imevunjwa ilikuwa ahadi ya khalifa, na Jaafar aliitimiza. Kama angeitii amri, angekuwa mshiriki wa uvunjaji ule. Kwa hiyo tabia moja ya kutoa kilicho cha mwingine, ambayo katika hazina ilikuwa udhaifu, gerezani ilikuwa uadilifu. Haiwezekani kuikata katikati, sehemu moja ikalaumiwa na nyingine ikasifiwa, kana kwamba Jaafar alikuwa na mikono ya namna mbili. Mtu aliyefunzwa tangu utotoni kuwaza nini kiwafae watu kabla ya kuwaza nani mwenye haki ya kuamuru, atakosea mara nyingi, na mara moja moja atasimama mahali ambapo mtiifu hasimami.

Wako wanaomtetea Harun, nao si wajinga. Husema dola haiwezi kuwa na vichwa viwili, na kwamba shukrani ya mtu mmoja haiwezi kuwa sheria ya nchi. Hilo ni kweli. Fadhila haimfungi aliyefadhiliwa ampe mfadhili wake madaraka milele. Harun alikuwa na haki ya kuudai muhuri urudishwe, ya kuzikagua hesabu, ya kumwambia mlezi wake mbele ya watu: baba, umechoka, pumzika. Ambalo hakuwa na haki nalo ni ukimya. Aliwaacha wacheke naye katika safari ya Hija ya mwaka 802, ambako alitundika katika Kaaba hati za kiapo zilizowafunga wanawe Amin na Maamun waheshimiane katika urithi. Wakiwa njiani kurudi, karibu na Anbar, akamtuma Masrur. Inasimuliwa kwamba Jaafar alimsihi Masrur arudi akaulize tena, huenda khalifa amelewa. Masrur akarudi, akauliza, akatukanwa, akaenda kuimaliza kazi. Mwili ulikatwa vipande, ukatundikwa juu ya madaraja ya Baghdad. Mzee Yahya na Fadhl wakafungwa, mali zao zikatwaliwa. Yahya akafa kifungoni mwaka 805 na Fadhl mwaka 808. Hapana shitaka lililosomwa. Hapana aliyeambiwa alichokosa.

Deni lisilolipika laweza kuchukulika ikiwa mdeni anakubali kusema kwamba anadaiwa. Harun hakuweza kulisema hilo, wala hakuweza kusema kwamba amechoka kudaiwa, na mtu asiyeweza kusema lo lote kati ya hayo mawili hana njia nyingine ila kumwondoa anayemkumbusha. Inasemekana alikataza watu wasiwalilie Wabarmaki kwa mashairi. Waliwalilia. Harun mwenyewe alikufa Tus mwaka 809. Miaka miwili baadaye wanawe walikuwa vitani, hati za Kaaba zimekwisha kuraruliwa, na mwaka 813 Amin aliuawa.

Wasimulizi wa Alfu Lela Ulela walimrudisha Jaafar ubavuni mwa bwana wake, na wengi huona kwamba walimfanyia hisani. Lakini katika hadithi ya matufaha matatu Harun amwambia Jaafar kwamba asipompata mwuaji katika siku tatu atatundikwa yeye na jamaa zake arobaini. Na msikilizaji hucheka, kwa kuwa ajua kwamba mwuaji atapatikana. Liko jingine la kinyozi juu ya ndugu yake, maskini aliyeingia kwa tajiri mmoja wa ukoo wa Barmaki kuomba chakula. Tajiri akaagiza maji yasiyokuwapo wanawe mikono, na mikate isiyokuwapo, na nyama isiyokuwapo, akimsifia kila sahani. Maskini, tumbo likimwuma, akatafuna hewa na kusifu pia, mpaka ilipoletwa divai isiyokuwapo. Hapo akajifanya amelewa, akamzaba mwenyeji kofi. Barmaki akacheka mno, akaamuru chakula cha kweli, na kwa miaka ishirini wakala pamoja. Kisha mwenyeji akafa, Sultani akatwaa mali yake yote, na mgeni akatoka tena njiani mikono mitupu.