Daktari kutoka Nazareti

Somo: Yohana 1:43–51



Filipo alipompelekea Nathanaeli habari za Yesu, Nathanaeli hakuamini kwamba jambo jema laweza kutoka Nazareti, maana Nazareti ilikuwa kijiji tu. Filipo hakubishana naye. Alimwalika aende akajionee mwenyewe.

Nami nilikuwa Nathanaeli. Nilipotoka chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya kijijini, na kila nilipompata mtoto hodari wa hesabu na sayansi nilimwambia: “Soma kwa bidii, usije ukaozea hapa.” Nilidhani ninamtia moyo. Kumbe nilikuwa ninamfundisha kudharau kwao. Leo nikisikia mama mjamzito amebebwa usiku kwa pikipiki kwenda hospitali ya mbali, kwa kuwa karibu hakuna daktari, nakumbuka maneno yangu na moyo unanichoma.

Twawalaumu madaktari vijana kwamba hawataki vijiji. Lakini ni nani aliyewafundisha kuvipenda? Kijana hufundishwa mjini, katika hospitali kubwa yenye vyombo na mabingwa. Siku ya kuhitimu twamtaka aende mahali atakapokuwa peke yake usiku, na mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto mwenye degedege, na mtu aliyevunjika mguu. Apandaye mtama hatavuna mpunga.

Wako waliopanda vingine. Huko Japani, mwaka 1972, mikoa iliungana kuanzisha chuo cha udaktari cha Jichi. Huchukua vijana kutoka mikoa yote 47. Ada hukopeshwa, na deni husamehewa kwa yule anayerudi mkoani kwake kutumika miaka tisa hivi, hata milimani na visiwani ambako madaktari ni haba.

Karibu zaidi nasi, Afrika Kusini, hospitali ya Mosvold huko Ingwavuma ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwatafuta vijana wa vijiji vya pale pale ili wasaidiwe masomo. Wakati wa likizo walifanya kazi katika hospitali ya kwao, na kwa kila mwaka waliosaidiwa walidaiwa mwaka mmoja wa utumishi.

Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2010 na tena mwaka 2021, lilishauri mambo hayo hayo: wachaguliwe wanafunzi waliokulia vijijini, na wapelekwe kujifunza vijijini wangali masomoni. Ndio ule mwaliko wa Filipo. Mwanafunzi aliyeona kisima tunachotekea maji, na njia aliyotembea mgonjwa, ataelewa ugonjwa ambao kitabu peke yake hakimwelezi.

Mungu alipotaka kutuponya hakutuma dawa kutoka mbali. Alimtuma Mwanawe aishi kati yetu, akulie kijijini, azijue njia zetu na misiba yetu.

Basi sisi tufanye nini? Kwanza, tuchunge ndimi zetu mbele ya watoto, hasa sisi walimu na wazazi. Pili, mwanafunzi wa udaktari akiletwa kwetu, tusimwache kama mpita njia. Tumkaribishe mezani, tumwonyeshe nyumba za wagonjwa. Tatu, tunapochanga ada, tumtazame binti au kijana wa hapa apendaye sayansi, ambaye wazazi wake hawana kitu. Na siku atakaporudi na shahada yake, pasiwe na mtu wa kunong’ona kwamba ameshindwa maisha ya mjini. Neno hilo moja laweza kumfukuza daktari upesi kuliko mshahara mdogo.

Ee Bwana uliyelelewa Nazareti, utusamehe tuliowafundisha watoto wako kukimbia kwao. Uwainue waganga kutoka kati yetu, nasi utupe moyo wa kuwapokea. Amina.