Habari Njema na Habari ya Kweli

Mwalimu wa Kiswahili hapa Uganda hana budi kuanza kazi yake kwa maamkizi, na maamkizi hayo ndiyo yaliyonitia katika fikra ninazotaka kuwaeleza wasomaji wa jarida letu. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini Waswahili huuliza habari, kisha hawangoji kuambiwa?" Nikamtaka afafanue. Akasema amesoma katika kitabu chake ya kwamba mtu akiulizwa "Habari za nyumbani?" yampasa kujibu "Nzuri", hata kama nyumba yenyewe iliungua jana usiku. Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini njiani kurudi nyumbani niliona kwamba mtoto yule alikuwa ameuliza swali la kifalsafa, na mwalimu wake alikuwa amemjibu kwa kicheko.

Jibu la kawaida twalijua. "Nzuri" ya maamkizi si habari, ni adabu. Asemaye hakusudii kudanganya, na asikiaye hadanganyiki. Wote wawili wajua kwamba huo ni mlango tu, na habari yenyewe itaingia baadaye: "Nzuri, ila mama alilazwa juzi." Maadamu hakuna anayedanganywa, hakuna uongo. Lakini je, ikiwa muulizaji hataki kuvuka mlango ule? Ikiwa ataka ile "nzuri" peke yake, na atakasirika akiambiwa yaliyo baada ya neno "ila"? Na ikiwa mjibuji ayajua hayo, akaamua kumpa "nzuri" yake kila jioni, tena kwa malipo? Hapo mwenye hatia ni nani: msemaji, msikilizaji, au wote wawili?

Mfano nitauchukua Marekani. Si kwamba kwetu hakuna mifano. Ipo tele, ila mimi ningali nataka kuendelea kufundisha. Isitoshe, siasa za Marekani hutufikia kila siku kana kwamba ni za wilaya yetu. Nawajua wazee ambao hawalikumbuki jina la diwani wao, lakini wakiulizwa juu ya majimbo ya Pennsylvania na Arizona watakuhesabia kura mpaka chai ipoe. Tena Wamarekani wana desturi moja ya kusifiwa: wakigombana hupelekana mahakamani, na mahakama huyaweka hadharani maneno ambayo wenyewe walidhani wameyasema chumbani.

Usiku wa tarehe 3 Novemba 2020, siku ya uchaguzi wa rais, kituo cha televisheni cha Fox News kilitangaza kwamba Joe Biden ameshinda katika jimbo la Arizona. Kule ilikuwa saa tano na dakika ishirini usiku kwa saa za New York. Huku kwetu ilikuwa asubuhi ya tarehe 4. Fox ni kituo kinachopendwa na wafuasi wa Donald Trump, nacho kilikuwa cha kwanza miongoni mwa vituo vikubwa kutoa habari hiyo. Vingine vilingoja, baadhi yao kwa siku nyingi. Wataalamu wa hesabu za kura wa kituo hicho walikuwa wamehesabu sawasawa. Kura zote zilipokwisha kuhesabiwa, Biden alikuwa ameshinda Arizona kwa kura 10,457.

Wasomaji wangedhani kwamba watazamaji walikishukuru kituo chao kwa kuwaambia kweli mapema. La hasha! Walighadhibika. Waliulizia habari, wakapewa habari, kumbe walitaka "nzuri". Wengine wakaanza kuhamia kituo kidogo kiitwacho Newsmax, ambako matumaini yalikuwa bado yanauzwa. Mmoja wa wakuu wa chumba kile cha hesabu, Chris Stirewalt, aliachishwa kazi Januari 2021. Kampuni ilisema inapanga upya shughuli zake. Yawezekana. Lakini ni bahati mbaya kwa kampuni kwamba upangaji huo ulimwangukia mtu aliyekuwa amepatia hesabu.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Trump alidai kwamba ameibiwa kura, na kesi baada ya kesi ikashindwa mahakamani. Hata hivyo katika vipindi vya Fox ziliendelea kusikika tuhuma kwamba mashine za kuhesabia kura za kampuni ya Dominion zilipindua matokeo. Dominion ikafungua mashtaka katika jimbo la Delaware mwezi Machi 2021, ikidai dola bilioni 1.6. Mapema mwaka 2023 ujumbe wa faragha wa watangazaji na wakuu wa kituo ukawekwa hadharani. Ndipo dunia ilipoona kwamba baadhi yao hawakuyaamini kabisa madai yaliyokuwa yakitangazwa. Waliyadharau walipoandikiana wao kwa wao, huku wakihofia kuwapoteza watazamaji wao kama wangeyakanusha waziwazi. Tarehe 31 Machi 2023 Jaji Eric Davis aliamua kwamba maneno yaliyobishaniwa juu ya Dominion hayakuwa na ukweli. Tarehe 18 Aprili, siku ambayo kesi ilikuwa ianze kusikilizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, Fox ilikubali kulipa dola milioni 787.5. Na ile Newsmax iliyokimbiliwa nayo ikakubali, mwaka 2025, kuilipa Dominion dola milioni 67.

Sisi walimu hufundisha methali isemayo "Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja." Huko Marekani lililosemwa halikuwapo. Lililokuwa njiani likija lilikuwa hati ya malipo.

Hapa ni rahisi kufunga kitabu na kusema kwamba tumekwisha mwona mwenye hatia. Sheria ya Marekani yenyewe humtazama msemaji peke yake. Tangu hukumu ya mwaka 1964 katika kesi ya gazeti la New York Times na Sullivan, mtu wa madaraka anayelalamika kwamba amekashifiwa hana budi kuthibitisha kwamba msemaji alijua kuwa asemalo ni uongo, au hakujali kama ni kweli au si kweli. Na baadaye kanuni hiyo ikaenea kwa watu wengine mashuhuri. Ni kanuni nzuri, kwa kuwa hutenga kosa na uongo. Mwaka 1948 gazeti la Chicago Daily Tribune lilichapa kwa herufi kubwa kwamba Dewey amemshinda Truman, na Truman mshindi akaliinua gazeti lile mbele ya wapiga picha huku akicheka. Lile lilikuwa kosa la haraka, nalo halikumfunga mtu. Uongo ni kitu kingine: wataka moyo unaojua.

Lakini sheria hiyo haimtaji aliyekaa kwenye kiti chake, kidole kikiwa juu ya kitufe, tayari kuhama pindi akiambiwa asilolipenda. Wala haiwezi kumtaja. Hakuna askari wa kukamata masikio. Hilo ni jambo la maadili, nalo limeachiwa dhamiri ya kila mtu.

Mpinzani wangu atasema: "Mwalimu, wamwonea mtazamaji. Yeye ni mkulima au dereva. Hana njia ya kuichungulia mashine ya kura. Amemwamini mwenye suti na maikrofoni kama vile wewe unavyomwamini daktari. Aliyedanganywa ni mdhulumiwa, utamwitaje mshirika?" Hoja hii ina nguvu, nami naikubali nusu yake. Asiyekuwa na njia ya kujua hana lawama. Hata hivyo watazamaji wale wa Novemba 2020 walipewa njia, nayo ilikuwa kweli tupu, kutoka kinywa kile kile walichokuwa wakikiamini. Hawakusema, "Hatuna hakika." Walisema, "Hatuitaki." Kudanganywa ni msiba umpatao mtu, kuchagua wa kukudanganya ni tendo. Kipendacho roho hula nyama mbichi, na walaji wakizidi, mchinjaji huacha kununua kuni.

Sasa nisije nikafanya lile ninalolilaumu, yaani kuwapa wasomaji habari ya kuwapendeza: kwamba ugonjwa huu ni wa chama kimoja, cha Marekani, cha watu wengine. Nina ushahidi wa upande wa pili, na shahidi ni mimi.

Mwezi Septemba 2004 nilikuwa mwalimu kijana, na vita vya Iraki vilivyoanza mwaka uliotangulia vilikuwa vimenichukiza mno. Tarehe 8 ya mwezi ule televisheni ya CBS ilionyesha hati zilizodaiwa kuwa za miaka ya 1970, zikieleza kwamba George W. Bush alipendelewa na kuzembea katika utumishi wake wa jeshi la akiba. Habari zilipofika kwetu kwa redio, nilizibeba mpaka chumba cha walimu kama mtu aliyeokota fedha. Nilizisimulia wakati wa chai, nikazisimulia tena wakati wa chakula, na sina hakika kama usimulizi wa pili haukuwa na chumvi zaidi ya wa kwanza. Tarehe 20 CBS ikakiri kwamba haiwezi kuthibitisha kuwa hati zile ni za kweli, na mtangazaji wake mkuu, Dan Rather, akaomba radhi.

Nilisikia jambo hilo jioni, peke yangu. Kesho yake katika chumba cha walimu nilizungumza kwa kirefu juu ya bei ya maharage. Mzee mmoja aliyekuwa akifundisha hesabu, mtu wa maneno machache, akaniuliza: "Mwalimu, zile hati zako zimefikia wapi?" Nikamjibu: "Zinachunguzwa, mzee."

Ile "zinachunguzwa" ilikuwa "nzuri" yangu. Mzee hakuendelea kuuliza. Alinitazama tu, akarudia madaftari yake. Hakuna aliyenishtaki, wala sikulipa hata senti moja. Lakini nilikuwa nimefanya kwa udogo wangu kile ambacho wakubwa wa New York wangefanya baadaye kwa mamilioni ya dola: nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa kusema kungeniharibia heshima mbele ya wasikilizaji wangu. Tena kabla ya hapo nilikuwa msikilizaji wa aina ile ile, niliyeipokea habari bila kuipima kwa sababu ilimwumiza mtu nisiyempenda.

Kwa hiyo jibu langu, kwa kadiri ya akili yangu, ni hili. Uongo unaopendwa una wazazi wawili. Msemaji anayejua ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa yeye angeweza kuukata uongo kwa neno moja. Lakini msikilizaji anayemwadhibu msema kweli kwa kumhama naye ana sehemu yake. Wala tusiseme sehemu hiyo ni ndogo kwa kuwa imegawanywa kwa watu mamilioni. Kura nazo zimegawanywa hivyo hivyo, na hakuna asemaye kwamba kura hazina uzito. Zamani Mmarekani alikuwa na vituo vikubwa vitatu tu vya televisheni, ABC, CBS na NBC, naye aliisikia habari asiyoipenda kwa sababu hapakuwa na pa kukimbilia. Leo anayo mamia ya vituo, na simu mfukoni, kama sisi. Uhuru huo ni mzuri, ila umemwondolea kisingizio. Na mizani ya kujipimia iko karibu: mara ya mwisho mimi kuisimulia habari iliyouumiza upande wangu ilikuwa lini?

Wiki iliyofuata nilirudi darasani, nikamwambia mwanafunzi yule kwamba swali lake lilistahili jibu bora kuliko kicheko. Nikaandika ubaoni "Nzuri, ila…" nikawataka wanafunzi waamkiane wawili wawili, kila mmoja akamilishe kwa jambo la kweli, na mwenziwe amsikilize mpaka mwisho pasipo kumkatiza. Zoezi lilikwenda vizuri. Nikamwita yule mwenye swali asimame aamkiane na mimi.

"Habari za darasa, mwanangu?"

"Nzuri, mwalimu," akasema kwa adabu, "ila madaftari yetu ya insha uliyachukua kabla ya likizo, na mpaka leo hatujayaona."

Wenzake hawakucheka safari hii. Walinitazama waone nitafanyaje. Habari ile sikuipenda hata kidogo, lakini ilikuwa ya kweli. Jioni ile niliwasha taa mapema, nikaanza kusahihisha.