Mwenda Bure si Mkaa Bure

Alikuwa anatafuta almasi, akapata samaki.

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, mwanajiolojia George Mannard alizunguka nyanda za Singida akichunguza miamba ya kimbalaiti, ile iliyopanda kutoka vilindi vya dunia na ambayo mara nyingine hubeba almasi. Mahali paitwapo Mahenge, jina linalofanana na la Mahenge ya Ulanga kule Morogoro, palikuwa na tope la kale lililogeuka jiwe, na ndani ya jiwe mlilala mifupa ya samaki. Mwingine angeyasukuma mawe yale kwa mguu na kuendelea kusaka utajiri. Mannard aliyaokota. Wazee wetu walishasema: mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Tazama kilichookotwa. Mwaka 1967 wataalamu wa samaki, Greenwood na Patterson, walimpa samaki mmoja wa Mahenge jina la kisayansi: Singida jacksonoides. Waliofuata walipima umri wa mwamba wakapata takribani miaka milioni 46. Wakaeleza jinsi mlipuko wa volkano ulivyochimba shimo, shimo likajaa maji, na ziwa likazaliwa pale ambapo leo mkulima anahesabu matone ya mvua. Alison Murray akatambua humo samaki walio miongoni mwa wa kale kabisa wanaojulikana wa ukoo mmoja na sato, perege na furu. Mwaka 2003 akatangazwa popo, Tanzanycteris mannardi, aliyepewa jina la Mannard, na miongoni mwa waandishi wa utafiti huo wamo Watanzania, Msuya na Mizambwa. Mwaka 2005 akafuata chura, Singidella. Hata majani ya miti ya jamii ya mikunde yalisomwa, nayo yakaeleza kwamba mvua za wakati ule hazikupishana sana na za leo.

Haya yote yametoka katika mawe ambayo hayakuwa na almasi.

Nakusimulia wewe, mdogo wangu uliyeko Kiomboi, Ilongero, Ikungi, Manyoni au Nduguti, uliyewahi kutaja unachotaka kukichunguza maishani, ukajibiwa: "Sasa ukisoma hayo utakula nini?" Najua swali hilo linavyokata miguu. Anayeuliza huwa mjomba anayekupenda, au mama aliyeuza mbuzi ili ulipe ada. Hana nia mbaya. Lakini usikubali swali hilo likuzike. Mkoa wako mwenyewe ni shahidi kwamba hakuna swali la bure.

Sikiliza lugha yako. Bibi akizungumza Kinyaturu, sauti yake hupanda na kushuka, nawe umezoea, huoni ajabu. Wanaisimu wameona ajabu. Katika Kinyaturu, ambacho vitabu vyao hukiita Kirimi, toni ya juu ambayo asili yake ni silabi moja husikika kwenye silabi inayofuata, kama mtu anayempasia jirani mzigo. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1964 juu ya matamshi na maumbo ya lugha hiyo. Tangu hapo wanafunzi wa isimu walio mbali kabisa na Singida wanajifunza kanuni za toni kwa mifano ya Kirimi. Wanatumia kitabu kwa jambo ambalo wewe ulilipata bure, ukiwa umebebwa mgongoni.

Angalia zizi. Zamani wageni wengi waliamini kwamba mfugaji wa Kiafrika anawapenda ng'ombe kwa mapenzi matupu yasiyo na hesabu. Harold Schneider, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, alikaa na Wanyaturu, na mwaka 1970 akatoa kitabu kizima juu ya uchumi wao. Alionyesha kwamba hesabu ipo, tena kali: samadi inarutubisha shamba la uwele na mtama, ziada ya nafaka inageuzwa mifugo, na mifugo ndiyo akiba na mtaji. Babu yako alikuwa mchumi. Hakuitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Kumbuka historia. Jina la Liti halikuanza na uwanja wa mpira mjini Singida. Ni la mwanamke wa Kinyaturu aliyesimama dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, ambaye simulizi zinasema aliwaachia nyuki askari wao. Marguerite Jellicoe alikusanya habari za upinzani huo wa Wanyaturu, akaziandika mwaka 1969, wakati wazee waliozirithi kutoka kwa mashuhuda walikuwa bado hai. Jiulize ni habari ngapi zilizikwa pamoja na wazee ambao hakuna aliyekwenda kuwasikiliza.

Nenda Mkalama, kwa Wanyisanzu. Kule Kirumi, mambo ya mvua yalikuwa chini ya watawala wawili, mwanamume na mwanamke. Todd Sanders alikaa nao, akasikiliza, akatazama, na mwaka 2008 akatoa kitabu kinachoeleza jinsi watu hao wanavyoielewa mvua: haiji mpaka vya kike na vya kiume viungane. Leo, dunia nzima inapohangaika na hali ya hewa, nani atasema elimu ya Kirumi haina maana?

Samaki wa mawe, toni za bibi, hesabu za zizi, nyuki wa Liti, mvua ya Kirumi. Elimu hizi hazisalimiani hata vyuoni, kila moja ina jengo lake. Lakini ardhi ni moja, na ipo siku zinakutana. Kwa Singida, elimu nyingine za aina hiyo zimekutana kwenye banda la kuku.

Kuku wa Singida hahitaji kutambulishwa, kila msafiri wa barabara kuu anamjua. Adui yake ni kideri, ambacho kikipita kijijini kinaacha mabanda matupu. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, Peter Spradbrow aliendeleza chanjo iitwayo I-2 inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida, kitu muhimu kwa vijiji visivyo na jokofu. Maabara ya mifugo ya Temeke, Dar es Salaam, ikaitengeneza hapa nchini. Tone moja jichoni, kila baada ya miezi minne, na kuku anakingwa.

Kisha likaja swali jingine. Kuku wakilala ndani ya nyumba pamoja na watoto, je, watoto wanadhurika? Katika kata za Sanza na Majiri, wilayani Manyoni, mradi uliowaunganisha wataalamu wa mifugo, lishe, mazao na jamii ulifuatilia familia na watoto wao wadogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kuwa na kuku kunaendana na watoto kuwa na urefu unaofaa zaidi kwa umri wao, na faida hiyo haikutegemea kuku wanalala wapi usiku. Fikiria: daktari wa wanyama peke yake asingelijibu swali lile, na mtaalamu wa lishe peke yake asingelijibu. Walihitajiana. Hivyo mtoto wa Sanza alipimwa kimo chake na watu ambao vyuoni wangepishana bila kusalimiana.

Na alizeti je? Mwaka 2017 Mtanzania Juma Mmongoyo na wenzake walichapisha utafiti juu ya sumukuvu katika mbegu na mashudu ya alizeti kutoka kwa wakamuaji wadogo wa mikoa kadhaa, Singida ikiwamo. Sumu hiyo ilipatikana, na baadhi ya sampuli zilizidi kiwango kinachoruhusiwa. Mashudu hayo analishwa ng'ombe, na maziwa ya ng'ombe anakunywa mtoto. Lile swali la "utakula nini" limejijibu lenyewe: bila mtafiti hatujui hata tunachokula.

Sasa rudia kuyasoma majina niliyoyataja. Wengi ni wageni. Nawashukuru kwa moyo wote, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona maisha yake yote kwa miguu ya mgeni. Vitabu vingi juu yetu viko kwa Kiingereza, na anayeelezwa ndani yake hajawahi kuvishika. Zamu ni yako. Mgeni alihitaji mwaka mzima ili asikie toni ambayo wewe unaiota usingizini. Alihitaji mkalimani kwa mzee ambaye wewe unamwamkia kila asubuhi. Wewe umeanza safari ukiwa katikati ya njia.

Usiniambie huna maabara. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama hakuna ada. Nunua daftari. Kila mvua inyeshapo, andika tarehe na kipimo. Andika kuku gani alinusurika kideri na alikuwa wa rangi gani. Andika jina la kila mti wa vichaka vya Itigi kwa lugha ya kwenu, na kazi yake. Muulize babu, andika jibu, kamuulize na mzee wa pili uone kama wanakubaliana. Uliza kwa nini watoto wa kijiji hiki wana meno ya kahawia na wa kijiji jirani wana meno meupe. Swali hilo litakupeleka kisimani, kisima kitakupeleka kwenye floraidi, floraidi itakupeleka kwenye mwamba, na utajikuta unahitaji mkemia, mwanajiolojia na daktari wa meno. Huko ndiko mlango wa chuo ulipo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kipo mkoa wa jirani. Ukifika pale ukiwa na daftari lililojaa, hutaombaomba mada ya tasnifu, utakuwa umekuja nayo.

Nanyi wazazi na walimu, nawaomba jambo moja. Mtoto akiuliza kitu cha ajabu, msimwambie anyamaze. Mwambieni aende akatafute, kisha arudi kuwaeleza. Mkimzima leo, mtasubiri mgeni mwingine aje kuwaeleza kilicho nyuma ya nyumba yenu.

Mdogo wangu, usiku huu kabla ya kulala, andika swali moja ambalo limekusumbua tangu utoto. Usilichuje kwa kuuliza lina kazi gani. Kesho asubuhi chukua daftari, utoke, uende. Huenda ukaokota.