Wakala na Usingizi wa Shoferi

Mtu mmoja anatafuta shoferi, mwingine anatafuta kazi. Wa tatu anasimama katikati, anawakutanisha, anapata malipo. Je, malipo hayo ni ya haki? Nasema ndiyo, maana kutafuta nako ni kazi. Lakini nani alipe?

Tutazame Uingereza. Sheria yao ya mwaka 1973 inamkataza wakala asimtoze shoferi kwa kumtafutia kazi. Alipe mwenye lori. Zamani wakala alipaswa pia kuwa na kibali cha serikali. Mwaka 1995 kibali kiliondolewa, katazo likabaki. Sasa wakala mbaya huzuiwa baada ya kosa, pengine hata kwa miaka 10.

Hapo sikubali. Huko shoferi, kwa kawaida, haendeshi kupita saa 9 kwa siku, na baada ya saa 4 na nusu hupumzika dakika 45. Chombo ndani ya lori huandika saa hizo. Lakini shoferi wa wakala leo yuko kwa bwana huyu, kesho kwa yule. Nani atamwambia, “Leo lala”? Bwana asema, “Nimeletewa.” Wakala asema, “Lori si langu.” Naye shoferi, akiogopa kutoitwa tena, ananyamaza na usingizi wake. Mama anayevuka barabara na watoto hajui lolote juu ya mapatano yao.

Wengine husema kibali ni karatasi tu, mjanja atakipata. Ni kweli. Hata leseni ya shoferi ni karatasi, lakini twampima kabla ya kumpa lori. Mbona yule anayemtuma barabarani asipimwe?